Macho Yaliyozoea

Wahenga walisema: mazoea yana taabu. Historia ya nchi yetu yaonyesha ukweli wa neno hilo, hasa mahali pa kazi.

Siku ya 21 Julai 1917, kule Baudouinville, ambako leo ni Kirungu, Askofu Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa. Ndiye padri wa kwanza mwenyeji katika Kongo ya Wabeljiji. Alikuwa amesoma Kilatini, filosofia na teolojia, masomo ambayo wengi walidhani mtu mweusi hayawezi.

Sasa tulitazame jeshi, Force Publique. Mwaka 1916 askari wake waliuteka mji wa Tabora. Walakini siku ya uhuru, 30 Juni 1960, katika askari zaidi ya 20,000 hapakuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Maofisa wote, karibu 1,000, walikuwa Wazungu. Je, wote walikuwa watu wenye chuki? Hapana. Hawajapata kuona ofisa mweusi, basi wakadhani hawezi kuwapo. Na kwa kudhani hivyo walichelewa mno kumfundisha mtu. Mazoea yakageuka ushahidi. Siku chache baadaye Jenerali Janssens akawaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Askari wakaasi, na nchi nzima ikaonja uchungu.

Wala sisi wa Kanisa tusijisifu: tangu Kaoze mpaka askofu wetu wa kwanza wa nyakati hizi, Pierre Kimbondo, mwaka 1956, ilipita miaka 39.

Leo wakubwa wa kazi ni sisi wenyewe. Kapita huchagua mtu wa kabila lake na kusema, "Huyu namwamini tu." Mkubwa wa ofisi humtuma mwanamke chai kabla ya kumwuliza amesomea nini. Hawachukii mtu, macho yao yamezoea.

Dawa ipo. Kabla ya kuwaita watu, andika kazi yataka nini. Waulize wote maswali yale yale. Usiamue peke yako. Mwite na mwenzako wa kabila lingine. Kisha hesabu: miaka hii mitano umempandisha nani?

Kaoze hakupewa upendeleo. Alipewa darasa na mtihani. Kazini mwako, ni nani angali anangoja mlangoni?