Injini Mpya, Kadi ya Zamani

Ukitaka kujua kama Toyota imebadilishwa injini, anza na namba ya chesi kabla hujafungua boneti. Corolla iliyoandikwa AE100 ilitoka kiwandani na injini ya familia ya A, ya petroli. EE101 ilitoka na 4E. CE100 ni dizeli, 2C. Hiace nazo ni hivyo hivyo: LH ni dizeli ya familia ya L, RZH ni petroli ya RZ. Kwa hiyo RZH ikipita inagonga kidizeli na kuacha moshi mweusi mlimani, fundi aliyesimama kando ya barabara ameshaelewa kila kitu. Nilipokuwa na gereji Kauma, pembezoni mwa Lilongwe, kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo: kutoa 1RZ iliyochoka na kufunga 3L mahali pake. Kila mara, kabla sijafungua nati ya kwanza, nilimuuliza mwenye gari kadi itasemaje. Wengi walinyamaza. Ukimya huo una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Utaratibu wa kuandika namba ya injini kwenye karatasi za gari tumeurithi kwa Waingereza. Kwao usajili wa magari ulianza tarehe 1 Januari 1904, na kuanzia 1921 kila gari likawa na kitabu chake. Mwaka 1930 wakaongeza bima ya lazima kwa ajili ya mtu wa tatu, yule anayegongwa. Kenya na Tanganyika zikapata sheria za mtindo huo katikati ya miaka ya 1940. Watunga sheria wale waliichukulia injini kuwa kitu kinachokufa pamoja na gari lake. Kwa mtu wa Birmingham hilo halikuwa wazo baya, maana injini ya aina ileile aliipata kwa kuagiza. Huku kwetu injini ndiyo hutangulia kufa, gari likabaki, na mwenye gari akabaki na watoto wa kulisha.

Tazama Land Rover 109 za Tanzania. Injini yake ya petroli ilikuwa ya sentimita za ujazo 2,286, na ilijua kunywa. Bei ya mafuta ilipopaa 1973, ikapaa tena 1979, na nchi ikatoka kwenye vita vya Kagera haina fedha za kigeni, mafundi wa Arusha na Moshi walianza kuzifunga injini za dizeli za Isuzu, Nissan na Toyota. Mpaka leo utazikuta porini, sura ya Muingereza, sauti ya Mjapani. Na bima? Baada ya Azimio la Arusha, 1967, kulikuwa na mlango mmoja tu wa kukatia bima Tanzania Bara, Shirika la Bima la Taifa, na milango mingine haikufunguliwa hadi sheria ya 1996. Mtu mwenye mlango mmoja hajipeleki kueleza jambo linaloweza kumfungia huo mmoja. Mimi naamini desturi ya kunyamaza ilikomaa katika miaka hiyo, na watoto wakairithi kwa baba zao pamoja na spana.

Mimi nilijifunza kazi Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako kila uchochoro una mtu amelala chini ya gari. Julai 1996 Buyoya alichukua madaraka ya Burundi kwa mapinduzi, na kabla mwezi haujaisha viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakatuwekea vikwazo. Vikadumu hadi Januari 1999. Siasa yake waachie wenye siasa; sisi tulioshika spana tuliijua kwa njia nyingine. Piston hazikuja. Gasket hazikuja. Mafuta yalivuka kwa magendo, yakauzwa kwa chupa, leo petroli, kesho mazutu, yaani dizeli, kesho kutwa hakuna. Mwenye teksi aliyepata mtu wa kumletea mazutu alitaka gari lake linywe mazutu, basi. Tulichukua Peugeot 504 ya petroli tukaifunga injini ya dizeli ya 504 nyingine iliyopinduka Bugarama. Tulifunga injini za Toyota ndani ya magari ambayo walioyaunda wangeshangaa kuyaona yakitembea. Maunting tulichomelea kwa vipande vya reli za kitanda.

Mzee wangu wa gereji alikuwa na daftari la shule, lenye mistari, jalada limelowa oili mpaka limekuwa kama ngozi. Kila injini iliyoingia aliiandika: namba yake, imetoka gari gani, nani kaiuza, siku gani. Sisi vijana tuliona ni kupoteza muda. Nchi inawaka, nani atakuja kuuliza namba ya injini?

"Watakuja," alisema. "Serikali yoyote ikitulia inaanza kuhesabu. Siku hiyo moteri isiyo na karatasi itaitwa ya wizi, hata kama uliinunua kwa jasho lako."

Niliondoka Bujumbura mwaka 2000, nikapita Kigoma, nikakaa Mbeya miaka kadhaa kabla ya kuvuka Kasumulu kuja Malawi. Mbeya ndiko nilikokutana na magari ya Japani kwa wingi, yakishuka kutoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Karonga na Lilongwe. Huko nikagundua jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui hadi leo. Cheti ambacho Japani inakitoa gari linapofutwa usajili ili lisafirishwe nje kinaandika namba ya chesi yote, lakini kwa upande wa injini kinaandika aina tu: 5A, 3L, 1NZ. Namba yenyewe, ile iliyogongwa kwenye bloku, haimo. Kwa Mjapani aina inatosha. Sisi huku karatasi zetu zinauliza namba. Kwa hiyo namba inayokuja kuandikwa kwenye kadi ni ile iliyosomwa na mtu huku kwetu, kwa tochi, bloku ikiwa na grisi na vumbi la safari nzima.

Nimesoma namba hizo mwenyewe, nazijua shida zake. Unaosha sehemu ile kwa petroli na brashi ya waya, unasugua chaki ili tarakimu zijitokeze nyeupe kwenye chuma cheusi, unaweka karatasi juu na kupitisha penseli. Nane inafanana na tatu. Moja inafanana na mkwaruzo. Ukikosea hapo, gari ambalo halijawahi kuguswa na fundi linaanza maisha yake Afrika likiwa na kasoro kwenye kadi, na miaka kumi baadaye mwenye gari anaulizwa injini ameitoa wapi. Watu wa aina hiyo nimewaona wakitoa jasho mbele ya dirisha la ofisi, na hawakuwa na hatia yoyote.

Kisha ikaja D4. Toyota ilianza kuiuza 1996, injini ya petroli inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na ilipotufikia mtumba, kwenye Nadia na Vista, ikakutana na petroli yetu ya chupa na madumu. Pampu yake ya presha haivumilii uchafu. Mafundi wa Dar, wa Nairobi, wa Lilongwe wote walifikia jibu moja: toa D4, weka 3S ya kawaida. Maelfu ya familia zimetembea kwa amani baada ya hapo. Si ajabu gari likawa zima kuliko lilivyotoka melini, huku kwenye kadi likiwa ni gari lenye matatizo.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo linaloniuma. Palipo na ukimya hapakosi mtu wa kuuza dawa ya ukimya, na dawa hiyo ni kugonga namba. Mtu amenunua injini halali, ana risiti, lakini anaogopa foleni, anaogopa ripoti ya polisi, anaogopa ada. Anatokea fundi mwenye grainda na seti ya tarakimu za chuma. Anasaga namba ya injini mpya, anagonga ile ya kwenye kadi. Inachukua nusu saa. Mwenye gari anarudi nyumbani amefurahi, karatasi na chuma vinakubaliana, na hajui kwamba ndani ya hiyo nusu saa amebadilishwa kutoka mnunuzi kuwa mghushi. Chuma hakisahau: tarakimu zikigongwa, hubana chuma hata chini ya alama inayoonekana, na mkaguzi akipaka tindikali juu ya sehemu iliyosagwa, namba ya zamani inaweza kurudi. Injini ya risiti imekuwa sawa kabisa na injini ya wizi. Mimi sigongi namba. Nimefukuza wateja kwa hilo, na wengine walikuwa ndugu zangu wa kambini.

Nasema kambini kwa sababu kwa mkimbizi jambo hili lina tabaka la ziada. Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Banda. Ikawa kambi mwaka 1994, ikakusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na sasa tumepita 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kuhusu kazi, mali na uhuru wa kutembea, na sera ya serikali inatutaka tukae kambini. Hata hivyo watu walifanya biashara Lilongwe miaka mingi, Kauma tukiwamo. Usajili wa magari unakutaka uwe na namba yako kwenye mtandao wa serikali, MalTIS, na wengi wetu tuliona njia nyepesi ni gari kuandikwa kwa jina la jirani Mmalawi. Achimwene, yaani kaka, anatoa kitambulisho chake kwa moyo mweupe, anakusaidia. Sasa mwambie achimwene huyohuyo aende ofisini kueleza kwamba injini ya petroli ya gari lake, ambalo si lake, imekuwa dizeli.

Nilimfungia 3L mfanyabiashara mmoja Mkongomani kwenye RZH yake. Kazi ilikwenda vizuri: giaboksi ya dizeli, bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, waya za plagi za joto, rejeta kubwa zaidi. Alikuwa amekata bima kubwa. Nilimwambia aende na risiti kwa kampuni yake ya bima, akasema ataenda. Wakati wa mvua, karibu na Lumbadzi kwenye barabara ya M1, Hiace iliteleza, ikamgonga mtu wa kabaza, bodaboda ya Malawi, pamoja na abiria wake, ikaingia mtaroni. Mkaguzi wa bima aliinua kiti cha mbele. Cheti kilisema petroli, sentimita 1,998. Mbele yake ilikuwapo dizeli ya 2,779. Fidia ya gari ikakataliwa.

Nimeifikiria sana siku ile, na siwezi kusema kampuni ilikosa hoja. 3L ni nzito kuliko 1RZ. Uzito umeongezeka mbele, breki ni zilezile. Aliyekubali kubeba hatari ya gari moja ana haki ya kuambiwa kwamba limekuwa gari jingine. Mtu wa kabaza na abiria wake ni habari nyingine: Sheria ya Barabara ya Malawi ya 1997, kifungu cha 148, inamruhusu aliyeumizwa kumdai mwenye bima moja kwa moja kwa jina lake mwenyewe, na kwa njia hiyo walilipwa. Hapo nawapongeza waliotunga. Mguu uliovunjika haujui injini iliandikwa wapi. Lakini barua ya kampuni ya kudai irudishiwe fedha hizo ilikwenda kwa jina lililo kwenye kadi. Ilikwenda kwa jirani.

Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya watu mjini. Tuliuza haraka haraka. Magari yaliyokuwa na kadi safi yalipata bei ya kuumiza. Mengi ya yale yenye injini isiyo ya kwenye kadi hayakupata bei kabisa. Mnunuzi alifungua boneti, akasoma namba, akataja pesa ya vyuma chakavu, akijua hatuna muda wala pa kulalamika. Nilisimama na watu kadhaa wakati huo, nikiwa na daftari langu, maana na mimi nilishaanza langu tangu Mbeya. Kila injini niliyofunga imo: namba iliyotoka, namba iliyoingia, muuzaji, nakala ya risiti imebanwa na stepla, saini ya mwenye gari. Wawili walipata bei nzuri kwa sababu ya ukurasa huo. Mmoja hakupata.

Sasa gereji yangu iko hapa Dzaleka, na vijana ninaowafundisha wanaandika kabla ya kufungua nati. Wiki iliyopita Mmalawi mmoja amekuja kutoka Kauma kutafuta ukurasa wa Corolla aliyoinunua wakati ule, AE100 yenye 2C. Anataka kuipeleka ikaguliwe, abadilishe kadi, akate bima kwa injini iliyomo. Nimempa nakala mbili, moja ya ofisi ya usajili na moja ya bima, na namba ya simu ya duka lililoniuzia ile 2C, ambalo bado lipo.