Nani Aamue Vita? Historia, Katiba na Dhamiri ya Mkristo, kwa Mtazamo wa Ufipa

1. Utangulizi

Kila Jumapili, katika sala ya Kanisa, tunawaombea wenye mamlaka. Ni mara chache tunapojiuliza mamlaka hayo yana mipaka gani pale taifa linapowapeleka vijana wake kupigana nje ya nchi. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, ni nani mwenye haki ya kuamua vita katika nchi yetu, na kwa nini jambo hili linamhusu mchungaji wa Sumbawanga kama linavyomhusu mbunge aliyeko Dodoma.

2. Vita visivyokuwa vya Ufipa

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na boma huko Kasanga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali walipopaita Bismarckburg. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yaliliteka. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mapigano kusimamishwa Ulaya, Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa kusini wa Ufipa.

Katiba ya Dola ya Ujerumani ya mwaka 1871 ilimtaka Kaisari apate kibali cha Baraza la Shirikisho kabla ya kutangaza vita, isipokuwa nchi iwe imeshambuliwa. Bunge la Ujerumani nalo lilipiga kura ya fedha za vita tarehe 4 Agosti 1914. Kwa hiyo Kaisari alikuwa na watu wa kuwauliza. Mwafrika aliyebebeshwa mizigo ya majeshi hayo hakuwa na msemaji Berlin wala London. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Historia inatuongezea kwamba nyasi hizo hazikuulizwa.

3. Vita vya Kagera, 1978-1979

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ameitwaa. Kesho yake Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi vyote vipo. Walioumizwa walikuwa watu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa letu, ambayo Askofu wake, Josiah Kibira, alikuwa wakati huo Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Yafaa tutofautishe hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa kumfukuza mvamizi. Haki yake haina ubishi mkubwa. Hatua ya pili ilianza Januari 1979, jeshi letu lilipovuka mpaka Mutukula, na ikafikia kilele tarehe 11 Aprili, Kampala ilipotekwa. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai, Sudan na Nigeria ziliilaumu Tanzania kwa hatua hii. Wengi wetu tunaamini kuwa Waganda waliokolewa na dhalimu. Hata hivyo, nchi ilikuwa ya chama kimoja, na hapakuwa na upinzani Bungeni wa kuuliza: mpaka wapi, na kwa gharama gani? Gharama yenyewe ilijulikana baadaye, wananchi walipotakiwa kufunga mkanda.

4. Sheria ilivyo

Ibara ya 44 ya Katiba yetu humpa Rais madaraka ya kutangaza hali ya vita. Nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, naye, baada ya kushauriana na Kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, huitisha Bunge ndani ya siku 14 ili litafakari na kufikiria kupitisha au kutopitisha azimio la kuliunga mkono. Bunge, basi, husema baada ya Rais kusema. Tena Ibara ya 148 humwezesha Amiri Jeshi Mkuu kuyaamuru majeshi kushiriki katika shughuli za kijeshi ndani au nje ya Tanzania.

Hapo ndipo penye ufa. Askari wetu walikwenda Anjouan mwezi Machi 2008 chini ya Umoja wa Afrika, na mwaka 2013 wakaingia Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Desemba 2017 zaidi ya kumi kati yao waliuawa Semuliki. Shughuli hizo hazikuwa vita vilivyotangazwa. Kwa hiyo utaratibu wa siku 14 haukuwa na pa kuanzia. Marekani ilikutana na tatizo kama hilo huko Vietnam. Mwaka 1973 Bunge lake, likipinga kura ya turufu ya Rais Nixon, lilitunga sheria inayomtaka Rais alijulishe katika saa 48, na kuyaondoa majeshi baada ya siku 60 asipopata kibali. Marais wengi wameikwepa, lakini swali limebaki hai.

5. Neno la Kanisa

Ungamo la Augsburg, ibara ya 16, hukubali kwamba Mkristo aweza kupigana katika vita vya haki. Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1526 kuhusu askari, alitenga vita vya lazima na vita vya tamaa. Alifundisha kwamba askari ajuaye kwa hakika kuwa bwana wake amekosa haki asimfuate. Lakini asiyejua aweza kutii. Hapa pana jambo zito. Dhamiri ya askari hutegemea anachokijua, naye atajuaje ikiwa sababu za vita hazikujadiliwa hadharani?

Kumbukumbu la Torati 17 humkataza mfalme kujiongezea farasi. Sura ya 20, inayoeleza taratibu za vita, hutaja kuhani, maakida na majemadari, wala haimtaji mfalme hata mara moja. Aliyejenga nyumba mpya na aliyeposa mke hurudishwa nyumbani kabla ya pambano. Sheria husema kwanza, ndipo upanga utolewe.

6. Hitimisho

Ng'ambo ya Ziwa, mkabala na Kirando na Kabwe, ni Kongo. Vita vya huko si habari za mbali kwetu. Kumheshimu Amiri Jeshi Mkuu na kutaka Bunge liulizwe si mambo mawili yanayopingana. La pili humlinda yule wa kwanza asibebe peke yake damu ya watu. Mchungaji atakayesimama kaburini na mama wa askari ataulizwa mwana huyu alikufa kwa ajili ya nini. Ni haki ya mama huyo kwamba swali lake liwe limekwisha kuulizwa Bungeni, mwanawe angali hai.