Swali la Kilo

Mwaka 1936, huko Cleveland, Marekani, daktari mpasuaji Hiram Studley alipitia kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, mmoja kati ya watatu alifariki. Kwa waliopungua chini ya hapo, vifo vilikuwa asilimia 3.5. Kilichomfikisha hapo ni mizani tu, na swali: zamani ulikuwa na kilo ngapi?

Wala hakuwa wa kwanza kuonya. Florence Nightingale alikwishaandika, katika Notes on Nursing ya 1859, kwamba maelfu ya wagonjwa hufa njaa kila mwaka huku chakula kipo tele.

Kinachonisumbua ni ukimya uliofuata. Ilipofika 1974, Charles Butterworth wa Alabama alilazimika kuyasema upya: urefu na uzito haviandikwi, wagonjwa wanaachwa na dripu ya glukosi siku nyingi, milo inarukwa kwa sababu ya vipimo, na madaktari wanapokezana zamu bila mmoja kulibeba jukumu.

Nilipomuuguza bibi yangu wodini, kadi yake ilijaa joto, mapigo na presha. Nafasi ya uzito ilikuwa tupu. Hotpoti tuliyompelekea ilirudi nyumbani nzito kama ilivyokwenda, na khanga yake ilizidi kumpwaya. Kila tuliyemweleza alijibu, "Ni uzee tu."

Jibu hilo ndilo linaloficha utapiamlo wa wazee. Mwili uliokonda huonekana kama umri, na mgongo uliopinda hauwezi kusimama kwenye mizani. Ndiyo maana miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Bruno Vellas wa Toulouse, Ufaransa, walitengeneza dodoso fupi kwa ajili ya wazee. Linauliza: je, umepunguza kula katika miezi mitatu iliyopita? Umepungua uzito? Unaweza kutoka nje mwenyewe? Asiyeweza kupimwa kilo hupimwa mzingo wa shavu la mguu. Ukiwa chini ya sentimita 31, ni dalili ya hatari.

Kazi hiyo inawezekana kwa futi ya fundi cherehani na dakika chache. Tangu Studley, kipimo hakijawahi kuwa ghali. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, na mahali pa kuandika jibu.