Amanaz: albamu moja, basi

Ukisikia muziki wa Zambia unafikiria kalindula, sivyo? Sasa sikia hii. Mwaka 1975 vijana watano wa bendi ya Amanaz walitoa albamu yao ya pekee, Africa: roki ya magitaa yanayokoroma, ikiimbwa Kiingereza na lugha za kwao. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani. Lakini bei ya shaba ikaporomoka, mifuko ya wanunuzi ikatoboka. Baadaye Ukimwi ukaondoka na wengi wa kizazi kile cha Zamrock. Santuri zao zikaja kusakwa na Wazungu, wakazitoa upya. Jamani, sisi majirani tulikuwa wapi? Wazee wetu nao walirekodi. Tuwaulize wangali hai.