Nduna Songea Mbano wa Njelu

Mtu aliyesimama juu ya jiwe kubwa la Mbuji, katika milima ya Wamatengo, akaelekeza macho mashariki, aliitazama nchi iliyomnyima usingizi. Huko ndiko walikokaa Wangoni, wazao wa msafara wa Zwangendaba uliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Waliingia pande za Ruvuma katikati ya karne ya 19, wakasimamisha falme mbili, Mshope na Njelu. Wamatengo walisongamana milimani kwa kuwakimbia, wakaishi kwa kilimo cha ngoro, vishimo vilivyopangwa juu ya miteremko ili mvua isichukue udongo.

Njelu ilikuwa na Nkosi wa ukoo wa Gama, lakini jina lililotisha halikupungukiwa na la nduna wake, Songea Mbano. Nduna alikuwa jemadari na mwamuzi wa mashauri. Hakuketi barazani kwa Nkosi kungoja amri kila kukicha. Alikuwa na kijiji chake mwenyewe, wake zake, ng'ombe wake, na vijana wake wenye ngao za ngozi. Ukuu wake ulipimwa kwa wingi wa watu. Kwa hiyo alihitaji vita, maana vita ndivyo vilivyoleta watu. Baadhi ya mateka waliuzwa kwa wafanya biashara wa pwani. Wengi walilelewa katika nyumba za mabwana zao, wakaitwa Wasutu, na vijana wao wakapewa mikuki, wakaenda kuteka wengine. Ajabu ni kwamba Wasutu hao walishinda kwa ulimi: watoto walijifunza maneno ya mama zao, na lugha iliyotoka kusini ikafifia hata ikatoweka.

Songea mwenyewe hakuwa wa damu ya kifalme. Ukoo wa Mbano ulitokana na Wakalanga, watu waliotwaliwa na msafara ulipokuwa njiani. Mzao wa waliotwaliwa akawa mtwaaji, na bila shaka hiyo ndiyo siri ya nguvu za dola ile: ilimfungulia mateka mlango wa ukuu, mradi akubali kuteka. Mmatengo aliyepoteza ndugu zake hakuona sababu ya kuisifu hekima hiyo, wala hakukosea.

Wajerumani walipofika mwaka 1897 walijenga boma karibu na kijiji cha Songea, na mji uliokua hapo ukachukua jina lake. Walikomesha uvamizi, wakadai kodi na kazi za shokoa. Nduna akabaki na cheo kisicho na chemchemi. Basi maji ya Kinjala yalipoletwa mwaka 1905, Nkosi Mputa Gama na manduna wake waliyapokea.

Mputa alinyongwa tarehe 27 Februari 1906, pamoja na makumi ya wenzake, wakazikwa katika kaburi moja. Yasimuliwa kwamba Songea aliachwa, naye akadai kufuata waliotangulia. Akanyongwa siku chache baadaye. Wazao wake husema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikutana nao mjini Songea, akaomba msamaha, akaahidi kwamba fuvu hilo litatafutwa.