Wajir: amani iliyoanza kwa mchango wa mfukoni

Mwaka 1993 soko la mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilikuwa limegawanyika kiukoo. Wanawake waliokuwa wakiketi bega kwa bega miaka nenda miaka rudi hawakuuziana tena maziwa. Wengine walizuiwa hata kuingia sokoni. Waliokuwa wakipigana ni wanaume huko malishoni na visimani, lakini vita vyao vilikuwa vimefika hadi kwenye vibuyu vya mama zao.

Wanawake wachache waliokutana harusini wakaanza kuulizana hali hii itaendelea mpaka lini. Walikuwa wa koo tofauti, baadhi yao wasomi, wengine wachuuzi. Hawakuanza na mkutano wa hadhara wala barua kwa serikali. Walianza na soko. Waliunda kamati ndogo ya kulisimamia: kila mwanamke awe huru kuuza na kununua, bila kujali ukoo wake, na atakayesumbuliwa apeleke malalamiko kwao. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, ambaye mwaka 2007 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood kule Sweden kwa kazi iliyoanzia hapo.

Dekha alisimulia mara nyingi jinsi alivyojificha usiku chini ya kitanda na mwanawe wa kwanza huku risasi zikilia nje. Mama yake akamkumbusha kwamba yeye naye alijificha vivyo hivyo, Dekha akiwa mtoto mchanga, wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo ya kutaka watoto wafundishwe kutatua ugomvi kabla hawajafika umri wa kubeba bunduki.

Wajir ilikuwa na sababu nyingi za kuwaka. Tangu miaka ya 1960 hadi 1991 eneo zima la Kaskazini Mashariki lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Manusura wakasema ni maelfu. Mwaka 1991 dola ya Somalia ikasambaratika, silaha na wakimbizi wakavuka mpaka. Ukame ukamaliza mifugo. Kisha ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, na viti vya ubunge vikawa shabaha nyingine ya kugombaniwa baina ya koo. Degodia, Ajuran na Ogaden wakaingia vitani.

Kutoka sokoni wanawake waliwaendea wazee. Septemba 1993 wazee wa koo hizo walikaa kikao chini ya uenyekiti wa mzee wa ukoo mdogo usiohusika na vita, wakatoka na makubaliano yaliyoitwa Azimio la Al-Fatah. Baada ya wazee wakaja vijana. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa maana wazee huweza kutia saini, ila anayelala malishoni na bunduki ni kijana wa miaka 18 ambaye ukame umemwachia mikono mitupu. Kundi la vijana wapenda amani liliundwa, likawa likizunguka vijijini pamoja na wazee. Kikaundwa pia kikosi cha kukimbilia palipotokea tukio: mzee, mwanamke, kijana, kiongozi wa dini na ofisa wa serikali ndani ya gari moja, wafike kabla ya walipiza kisasi.

Wafike kwa kutumia nini, hasa? Kwa dizeli. Amani ya Wajir haikuhitaji jengo wala hoteli ya semina. Ilihitaji gari linalowaka saa nane za usiku, maji ya njiani, na chakula cha watu watakaokaa chini ya mti siku mbili hadi maneno yaishe. Mwanzoni gharama hizo zilitoka mifukoni mwao wenyewe. Wanawake walichanga, wafanyabiashara wa mji wakachangia. Wafadhili kama Oxfam na shirika la Kikristo la Wamennonite walikuja kuongezea nguvu kazi iliyokwisha kusimama, na naamini utaratibu huo, wenyeji kwanza na mfadhili baadaye, ndio uliofanya kazi hiyo iwe mali ya wenyeji.

Mwaka 1995 makundi hayo yote yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikawekwa chini ya kamati ya maendeleo ya wilaya. Mkuu wa wilaya aliketi meza moja na mama wa sokoni. Machifu waliotuliza maeneo yao walituzwa hadharani kwenye sherehe za amani. Walimu nao wakaunda mtandao wa kufundisha amani shuleni. Wilaya nyingine zikaiga, na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, mpango wa kamati za amani ulipelekwa nchi nzima.

Shuleni mambo yalikwenda polepole zaidi. Mfano wa karibu ulikuwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma, ambako Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha somo la amani mwaka 1998. Lilikuwa somo la mara moja kwa wiki, nalo halikuwa la kukariri. Watoto walicheza michezo inayowalazimu kusaidiana, wakaigiza ugomvi, kisha wakajadili nani alikosa kumsikiliza mwenzake. Mfadhili alilipia vitabu na mafunzo ya walimu.

Nje ya kambi, ukiacha mtandao wa walimu wa Wajir, shule nyingi za vijijini hazikuwa na kitu kama hicho. Julai 2005 washambuliaji waliingia Turbi, katika Marsabit, mapema asubuhi, wakafika hadi shule ya msingi. Watoto zaidi ya 20 ni miongoni mwa waliouawa siku hiyo. Somo la amani la kitaifa lilianzishwa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na sera yake ikatolewa mwaka 2014. Lakini kilichoisukuma wizara ni moto wa Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 2007. Turbi peke yake haikutosha, na hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Fedha za amani zimezoea kufika baada ya mazishi. Tukio likitangazwa, magari meupe hujaa, semina hufanyika, fulana hugawiwa. Miezi sita ikipita bila kifo, mradi hufungwa kwa sababu ripoti inasema kuna utulivu. Hata Azimio la Modogashe la 2001, lililowaunganisha wafugaji wa wilaya za kaskazini, liliweka malipo ya baadaye: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Siidharau diya, yaani fidia hiyo ya damu; imezuia visasi vingi. Ila hulipwa na ukoo mzima, na kijana aliyefyatua risasi anaweza asitoe hata ndama.

Dekha alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Miaka mitatu baadaye Degodia na Garre walipigana mpakani mwa Wajir na Mandera, maelfu wakahama makwao. Kipindi hicho kaunti zilikuwa zimeshaanza kupokea mgao wake kutoka serikali kuu, hivyo kisingizio cha Nairobi kutuma au kutotuma kitu kilikuwa kimepungua makali.

Kikwazo cha kugharamia amani shuleni kimejificha ndani ya sheria. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule za msingi na sekondari zikabaki kwa serikali kuu, usalama vilevile. Mfuko wa Usawazishaji, uliowekwa kwa ajili ya maeneo yaliyosahaulika, unaruhusiwa kugharamia maji, barabara, afya na umeme. Klabu ya amani ya shule ya kijijini, yenye mwalimu mlezi na wanafunzi 30 wanaotaka nauli ya kwenda kucheza mpira na shule ya ukoo jirani, haipati pa kuegemea.

Hata hivyo vyuo vya ufundi vya vijiji ni vya kaunti bila ubishi, na humo ndimo walimo vijana walioacha shule, wale wale wanaoitwa kwanza bunduki zinapotolewa. Bunge la kaunti linaweza kutenga fungu la kila mwaka kwa ajili ya mafunzo yao ya usuluhishi, na fungu dogo la dizeli ya kikosi cha dharura, pawe na vita au pasiwe. Wizara ya Elimu nayo inaweza kuweka nauli ya klabu za amani ndani ya fedha inazotuma shuleni kwa kila mwanafunzi. Wananchi wana haki ya kikatiba ya kushirikishwa kabla bajeti haijapitishwa. Mama wa sokoni wa Wajir na walimu wa klabu wanapaswa kuwa kwenye vikao hivyo, wakiwa na hesabu ya lita za dizeli mikononi.