Yoga Ilivyovuka Ngara

Reli kutoka Mombasa ilifika uwanda wa Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Palikuwa mahali tambarare penye majimaji, ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Wahandisi walipachagua kwa kuwa mbele yake njia ilianza kupanda milima kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Kambini walikuwamo vibarua, mafundi na makarani kutoka Punjab, Gujarat na kwingineko India. Karibu watu 32,000 waliletwa kutoka huko kwa ajili ya reli. Wapatao 2,500 walifia kazini, na wengi wa walionusurika walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walifungua maduka mjini, na hawakukawia kuwa na nyumba zao za ibada.

Mwaka 1903 jumuiya ya Arya Samaj ilianzishwa Nairobi. Ni jumuiya ya Wahindu iliyoasisiwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati, mtu aliyetaka dini yao irudi kwenye maandiko ya kale ya Veda na kuachana na masanamu. Wafuasi wake wana sala ya asubuhi na jioni iitwayo sandhya. Mwenye kusali huketi wima, hutuliza mwili, na kabla ya kuendelea na dua huvuta pumzi, huizuia, kisha huiachia kwa mpangilio. Zoezi hilo ni pranayama, moja kati ya hatua nane za yoga ambazo mwanazuoni Patanjali aliziorodhesha zamani sana. Kwa hiyo yoga ilikuwa ikifanywa Nairobi karibu nusu karne kabla ya mji huu kupewa hadhi ya jiji mwaka 1950.

Naanzia huko kwa makusudi. Wengi wetu tumezoea kuiona yoga kama jambo la juzi tu, lililoletwa na Wazungu wa Lavington na Westlands. Sivyo. Ilikuwa hapa tangu mwanzo, mwendo wa mguu tu kutoka walikoishi Waafrika. Kilichochukua miaka mia moja ni kuvuka barabara.

Sababu yake ilichorwa kwenye ramani. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, daktari aliyetumwa na serikali ya kikoloni kuchunguza afya ya miji, alipendekeza watu watenganishwe kwa rangi zao, kwa hoja kwamba ndivyo magonjwa yangezuiwa. Nairobi ikagawanyika hivyo. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, penye miinuko na miti. Wahindi walipata Ngara, Pangani na, kadiri miaka ilivyosonga, Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, Pumwani ikifunguliwa kwa ajili yao mwanzoni mwa miaka ya 1920, nao walihitaji kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, ili wapite mjini. Kila jamii ilijenga shule zake, hospitali zake, viwanja vyake vya michezo. Mhindi wa Parklands alifundishwa kupumua na babu yake sebuleni. Mwafrika wa Pumwani angeingia nyumba hiyo kupitia mlango wa jikoni, kama mpishi au yaya, na ibada ya mwenye nyumba haikumhusu. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 sheria za ubaguzi ziliondoka, lakini mazoea ya kila mtu kukaa na wake yalidumu.

Katika miaka hiyo ya ukoloni yoga yenyewe ilikuwa inabadilika kule India. Katika miaka ya 1930, ndani ya kasri la Maharaja wa Mysore, mwalimu aitwaye Tirumalai Krishnamacharya alikuwa akiwafundisha vijana. Somo lake lilikuwa la mwili kuliko ilivyozoeleka: misimamo mingi iliyounganishwa kama mnyororo, kila mwendo ukienda na pumzi yake. Ilikuwa ni enzi ambayo mazoezi ya viungo ya Ulaya, kunyanyua vyuma na mieleka ya Kihindi vilikuwa vimeenea shuleni na jeshini, na mtawala wa dola ndogo ya Aundh alikuwa akiwahimiza raia wake kufanya mfululizo wa mazoezi uitwao Salamu ya Jua kila asubuhi. Wanahistoria wa leo, Mark Singleton miongoni mwao, wameonyesha kwamba yoga tunayoiona kwenye mikeka imezaliwa katika makutano hayo. Kutoka Mysore walitoka wanafunzi walioitawanya duniani: Pattabhi Jois, Indra Devi, na B. K. S. Iyengar, mtoto aliyeandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, ambaye mwili wake dhaifu ulipata nguvu kwa mazoezi hayo hata akaishi hadi miaka 95. Kitabu chake cha mwaka 1966, *Light on Yoga*, kilifika kila bara.

Makutano yale ya Mysore ndiyo ufunguo wa kisa cha Nairobi. Yoga ilikuwa imekwisha kuoana na mazoezi ya viungo kabla haijawafikia wanasarakasi wetu.

Na wanasarakasi Nairobi inao. Katika viwanja vya Mathare, Kariobangi na Dandora, upande wa mashariki uitwao Eastlands, utawakuta vijana wakipiga samasoti kwenye vumbi, matairi makuukuu yakiwarusha juu, wengine wakipandiana mabegani kujenga piramidi ya watu. Ni kazi, wala si mchezo wa watoto. Aliyeiva hupata mkataba kwenye hoteli za Pwani, au huchukuliwa na kampuni ya sarakasi ya Ulaya au Asia. Mwaka 2001 lilianzishwa shirika la Sarakasi Trust kuwapa wasanii hawa mafunzo na pa kujifunzia, na baadaye likanunua jumba la sinema la Shan lililoko Ngara, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa likionyesha filamu za Kihindi. Jumba hilo likaitwa Sarakasi Dome.

Mwaka 2006 Paige Elenson, mwalimu wa yoga kutoka New York, alikuja Kenya na familia yake kutazama wanyama. Njiani aliwaona vijana wamesimama kwa mikono, miguu juu. Akashuka kwenye gari, akajiunga nao. Walikuwa wanasarakasi wa Nairobi. Paige aliporudi kwao, vijana hao walimwandikia wakimwomba aje awafundishe, naye akaja tena. Mwaka 2007, pamoja na mwalimu wake Baron Baptiste, alianzisha Africa Yoga Project, na madarasa ya miaka ile ya mwanzo yakawa yanafanyika Sarakasi Dome. Fikiria safari hiyo: elimu iliyokuwapo Nairobi tangu 1903 iliwafikia vijana wa Mathare baada ya kuzunguka Mysore na Marekani, ikarudi kuingilia mlango wa jumba la sinema la Wahindi.

Vijana walikuwa na kila kitu isipokuwa utulivu. Mwili wa mwanasarakasi una nguvu na unakunjika, lakini umefundishwa kasi. Samasoti haimalizi hata sekunde mbili, na mara nyingi mtu huipiga akiwa amebana pumzi. Yoga inamdai kinyume chake. Tazama msimamo mmoja tu, ule wa mbwa anayejinyoosha: viganja chini, nyayo chini, kiuno kimeinuliwa juu. Mgeni akikaa hapo muda mfupi mikono huanza kutetemeka, shingo hukakamaa, na pumzi husita bila yeye kujua. Mwalimu hutembea kati ya mikeka. Hufika, huweka kiganja juu kidogo ya kiuno, hukisukuma nyuma kwa upole, uzito ukahama kutoka mabegani kwenda miguuni. Humwambia aiachie shingo, apumue kwa pua. Pumzi tano hivi. Mtu aliyekuwa anapambana na sakafu sasa anaisikia hewa ikiingia mbavuni, na kutetemeka kunapungua ingawa kazi ni ileile.

Hapo hakuna muujiza. Tunapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, na tunapoitoa hupunguza. Kazi hiyo husimamiwa na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha kutoa pumzi, unaupa mwili ishara kwamba hatari imepita. Kuhusu mgongo, uchambuzi wa shirika la tafiti za tiba la Cochrane wa mwaka 2017, uliokusanya majaribio 12 yenye washiriki 1,080, ulikuta kwamba yoga inawasaidia kwa kiasi watu wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno, baada ya miezi mitatu na sita. Kwa kiasi, si zaidi ya hapo. Anayeambiwa kwamba mkeka utamponya kisukari au sonona aende kwanza kwa daktari.

Lakini kwa kutuliza hofu, jiji hili lilikuwa na kiu kubwa. Shirika la Africa Yoga Project lilikuwa bado changa uchaguzi wa Desemba 2007 ulipozua machafuko. Tume ya Jaji Waki, iliyoyachunguza, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Mitaa ya mabanda ya Mathare na Kibera iliungua, majirani wakafukuzana kwa misingi ya kabila. Miaka iliyofuata, vijana waliokwisha kufuzu walikuwa wakifundisha bure katika mitaa hiyohiyo, mashuleni, magerezani, na kwenye vituo vya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Jumamosi lilikuwapo darasa la wote lisilolipishwa, likijaza mamia ya watu: mikeka imegusana, mfanyakazi wa ubalozi kando ya msichana wa Kibera, jasho la mmoja likidondoka karibu na mkono wa mwingine. Katika mji uliojengwa kwa kutenganisha miili ya watu, naliona jambo hili kubwa kuliko msimamo wowote. Makao ya shirika yalipohamia Parklands, mwalimu kutoka Eastlands akawa ndiye anayewaelekeza wakazi wa huko jinsi ya kupumua.

Si kila mtu alifurahi. Wapo Wakristo na Waislamu waliouliza, na wangali wanauliza, kama kufanya yoga ni kuabudu miungu ya wengine. Swali lao ni la haki, na halijibiwi kwa kuificha asili. Yoga imetoka katika dini za India. Kwa mwenye sandhya yake ni sehemu ya ibada hadi leo. Ila tangu Mysore limekuwapo pia tawi linaloshughulika na mwili na pumzi bila kumtaka mtu akiri chochote, na wengi wanaofundisha Nairobi wamefuata tawi hilo, nao Jumapili huenda kanisani.

Umoja wa Mataifa ulipoitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, kwa azimio la Desemba 2014, serikali ya India ilipata heshima iliyoitafuta. Kwa walimu wa Nairobi lililobaki ni mkate wa kila siku. Studio za Westlands, Kilimani na Lavington hulipisha kwa kipindi kimoja kiasi ambacho kibarua hawezi kukitoa. Madarasa ya bure mitaani yameegemea wafadhili wa ng'ambo, na mfadhili akichoka darasa hufa. Machi 2020 Korona ilipofunga kumbi, walimu walihamia kwenye simu. Wateja wa Lavington waliwafuata huko. Familia ya watu sita katika chumba kimoja cha Mathare haikuwa na pa kutandika mkeka wala bando la kutazama darasa.

Mwaka huohuo wa 2020 jopo la kitaifa lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe janga la dharura nchini. Mahali pa kuanzia papo: Kaunti ya Nairobi inazo kumbi za kijamii tangu enzi za ukoloni, Kaloleni na kwingineko Eastlands, na asubuhi nyingi hazina shughuli. Walimu wapo, wamefuzu, na wengi wao wanaishi hatua chache kutoka hapo. Darasa linahitaji sakafu iliyofagiwa, funguo za mlango saa kumi na mbili asubuhi, na mshahara wa mtu mmoja.